Yai la Bi Tunu

1

Yai lilipogonga kwa mara ya kwanza, Mwasiti alikuwa anakanda unga wa chapati. *Tok.* Akadhani kuku amedonoa sufuria. *Tok*, tena, na safari hii akatambua kwamba sauti imetoka kwenye kipaza kidogo kilichobandikwa juu ya Kiota, sanduku lake la kuangulia mayai, kule kwenye kona ya sebule ambako jua halifiki.

"Raya! Zima hiyo redio!"

Raya, binti yake wa miaka mitano, aliizima mbio, na mama na mwana wakapiga magoti mbele ya sanduku bila kupumua. Ndani, kwenye mchanga wenye unyevu, yai la kobe lilikuwa limekaa vilevile lilivyowekwa: jeupe, la duara, limezidi ndimu kidogo tu, na alama ya msalaba wa penseli juu yake kuonyesha upande wa kutazama mbinguni. Chini ya mchanga kulikuwa na kile kisahani cha chuma wanachokiita Sikio. Sikio ndilo lililokuwa likileta mapigo ya moyo kwenye kipaza, polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani na hana haraka ya kufika.

"Anabisha hodi, mama?"

"Bado. Anajinyoosha tu. Hodi yenyewe inakuja."

Mwasiti alikuwa amewaangulia watu wa Kondoa makobe wengi, na hata siku moja hakuwahi kulizoea jambo lile. Kuku analaliwa na mama yake. Mtu anabebwa tumboni, analishwa, anaimbiwa. Huyu anafukiwa mchangani na mama yake anakwenda zake, hageuki hata shingo. Na bado, peke yake gizani, anajiundia macho na kucha, anajiezekea nyumba mgongoni, kisha anatafuta mlango. Kila mara Mwasiti aliposikia ile *tok*, machozi yalimlengalenga, akavisingizia vitunguu hata kama havikuwepo.

"Kimesema?" Sauti ilitoka mlangoni, kavu, kama fagio la njiti kwenye changarawe.

Alikuwa Bi Tunu, mama mkwe wake. Zamani, Bi Tunu akiita kuku, kuku wa mtaa wa pili nao walikuja. Harusini ndiye aliyeanzisha nyimbo, wenzake wakamfuata. Sasa uvimbe ulikuwa umemkaa kooni, na madaktari wa Dodoma walikuwa wamesema bila kuzunguka: watatoa koromeo lote. Uhai utabaki, sauti itakwenda. Safari ilikuwa Jumatatu.

"Kimesema, bibi!" Raya alimrukia. "Kimesema tok!"

"Basi kimekushinda wewe, mke mwenzangu, wewe ulianza na kulia." Bi Tunu alijishusha taratibu kwenye mkeka na kulitazama lile yai moja.

Yalikuwa manne. Lakini Bi Tunu amefuga kuku tangu usichana wake, na anajua kama anavyojua jina lake kwamba yai lisipogeuzwa asubuhi na jioni, kifaranga hushikana na ganda akafa. Alipoona mkwe wake ameyaacha mayai ya kobe yamekaa tu kama mawe, akayaonea huruma. Kila Mwasiti alipotoka, yeye akaingiza mkono, akayageuza kwa upole, bismillahi. Kumbe kobe si kuku. Mtoto wa kobe hujishikiza kwenye dari la ganda lake mapema kabisa, na ukimgeuza, kiini chake mwenyewe humlalia mpaka azame. Mioyo mitatu ilinyamaza. Wa nne ulipona kwa sababu yai lake lilikuwa kwenye pembe ya ndani kabisa, ambako vidole vya Bi Tunu vyenye baridi yabisi havikufika. Siku alipoambiwa, alilia mpaka akafunga mlango wa chumba. Jioni akatoka akasema, "Kiumbe gani huyu, hata kubembelezwa hataki!" na Mwasiti akajikuta anacheka huku amemkumbatia.

Sasa Bi Tunu aliweka kiganja juu ya mfuniko wa Kiota.

"Mwanangu," alisema, "hili usimpe mteja. Nipandie sauti yangu humu."

2

Hakuwa ameomba kitu cha ajabu. Nusu ya mji ilikuwa na makobe wa sauti. Mwenye sauti hukaa karibu na sanduku, anaegemeza kifua kwenye bamba la mbele na kuzungumza, na mtetemo wa kifua chake hupita kwenye mchanga mpaka kwenye ganda. Kila anapozungumza, Kiota kinaongeza joto kidogo. Mtoto aliye ndani haelewi maneno. Anaelewa kitu kimoja tu: huyu akisikika, dunia inapata joto. Akishatoka, ataifuata sauti ile uani, shambani, mpaka chini ya kitanda, maisha yake yote. Na maisha ya kobe ni marefu. Hapo ndipo Mwasiti alipokuwa ameanza kukosa usingizi.

Alichukua ungo wa jirani aliokuwa ameuazima, akasema anakwenda kuurudisha.

Mama Sikujua alikuwa anapepeta mtama kwa ungo mwingine. "Weka hapo. Nilidhani umeolewa nao."

"Shikamoo, Mama Sikujua. Taratibu hajambo?"

Mama Sikujua aliacha kupepeta. Alinyoosha kidole tu. Kobe aitwaye Taratibu, mpana kama beseni, alikuwa ameelekea ukuta wa bafu, kichwa kimegusa saruji. Pale ndipo marehemu mumewe Mama Sikujua, Mzee Rajabu, alipokuwa akioga asubuhi na kuimba kwa sauti nene ambayo mtaa mzima uliivumilia. Mwasiti ndiye aliyeipanda sauti ile kwenye yai la Taratibu. Alijivunia kazi hiyo kuliko zote. Taratibu alikuwa akitoka mbio uani, mbio za kobe, kila Mzee Rajabu alipokohoa.

Ukutani, mahali kichwa kilipogusa, rangi ilikuwa imechubuka.

"Nilimchezea kanda ya mzee," alisema Mama Sikujua. "Ile ya harusi ya Sikujua. Aligeuka, akasikiliza, akarudi ukutani."

"Kipaza hakina kifua," alisema Mwasiti polepole. "Yeye haisikii kwa masikio tu. Anaisikia kwa mifupa. Anangoja ardhi itetemeke."

"Haya, wewe ndiye fundi." Mama Sikujua alipuliza makapi. "Usinitazame hivyo. Mimi sikulaumu. Nilipofiwa, yule ndiye peke yake aliyekuwa anamtafuta pamoja nami. Watu walikuja arobaini ikapita wakaenda zao, yeye alibaki. Nilimpenda kwa hilo. Lakini mimi nimeambiwa mume wangu amekufa. Nimeona kaburi. Yeye nani atamwambia?"

"Ningejua…"

"Ungejua ningekuomba vilevile, na ungenifanyia vilevile." Alicheka kidogo. "Sasa nasikia na Bi Tunu anataka."

"Nani kakwambia?"

"Mwanao kamwambia kila mtu mpaka dukani."

Mwasiti alichutama kando ya Taratibu, akapapasa gamba lake lenye joto la jua. Kobe hakugeuka. Alikuwa na miaka mingi mbele yake ya kusubiri, na hakuonyesha dalili ya kuchoka. Hata katika hilo alikuwa wa kustahiwa, na hilo ndilo lililouma zaidi.

3

"Hapana," Mwasiti alisema.

Bi Tunu alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua. "Hapana ya kobe au hapana ya mimi?"

"Mama, nisikilize. Utazungumza naye siku hizi chache, kisha Jumatatu utaondoka na hutazungumza tena. Atatoka kwenye ganda anakutafuta, na wewe umekaa hapo hapo, anakupita. Atakutafuta wewe uko hai, atakutafuta ukishakwenda, atakutafuta mpaka Raya awe bibi kizee. Umemwona wa jirani."

"Mtoto wa mtu akizaliwa," alisema Bi Tunu, "babu yake anamshika, anamwadhinia sikioni. Sauti ya kwanza kabisa. Hakuna anayemuuliza mtoto kama anataka. Mbona hamsemi amefungwa?"

"Adhana haimwiti kwa babu. Inamwita kwa Asiyekufa."

Bi Tunu aliacha kuchambua. Mwasiti alijuta, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, na jibu zuri kwa mgonjwa wakati mwingine ni ukatili.

"Mimi sitaki anitafute," Bi Tunu alisema hatimaye, na sauti ikakatika, akaimeza, akaanza upya. "Nimezungumza na sauti hii tangu nipo mgongoni mwa mama yangu. Wiki ijayo hata mimi sitaikumbuka, mwanangu. Unadhani mtu anaikumbuka sauti yake? Nataka awepo mmoja tu, hata mnyama, aliyeijua kwa mifupa. Ni kosa?"

Swedi, mume wa Mwasiti, aliyekuwa njiani na lori, alipopiga simu alisema maneno machache. "Mpe anachotaka. Ni mama."

"Na yai?"

"Yai ni yai, Mwasiti."

Hakubishana naye. Swedi hakuwahi kupiga magoti mbele ya kile kipaza.

Mchana wa siku ile jua lilikuwa kali, na Raya alikataa kulala kama kawaida yake. Bi Tunu akamwita mkekani, akaanza kumsimulia hadithi ya fisi aliyeoa bila kujua kuhesabu wakwe. Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Raya alipinga kila sentensi. Fisi hana shati! Wakwe hawali mifupa! Mwasiti alikuwa anafuta vumbi kwenye Kiota, sikio moja kwenye hadithi na jingine kwenye moyo wa yai.

Kisha hadithi ikaisha. Bi Tunu alichoka, akafunga macho. Ukawa ukimya mzito wa saa za jua kali.

Na Raya, aliyekuwa akipigana na usingizi muda wote ule, alijisogeza, akajikunja kwenye ubavu wa bibi yake na kutoa pumzi ndefu. Akalala. Hakulala wakati sauti ikiendelea. Alilala sauti ilipokoma, ndani ya kile ilichokiacha.

Mwasiti alibaki na kitambaa mkononi. Alimtazama mtoto. Akalitazama sanduku. Akakilaza ubavu kisanduku cha nyaya kinachoendesha Kiota, akafungua kifuniko chake cha nyuma.

4

Kila Kiota hutoka kiwandani kikiwa kimeamriwa jambo moja: sauti na joto viende pamoja. Joto likija na sauti, basi sauti ikiondoka, baridi. Mtoto anajifunza mapenzi na upungufu kwa siku moja. Mwasiti alizipanga nyaya mara nyingi sana maishani bila kujiuliza kwa nini ziwe hivyo. Sasa alizifungua mbili, akazifunga kinyume, akaweka kitufe cha mkono katikati ili joto lije pale tu atakapotaka yeye.

"Mama, njoo ukae hapa. Utazungumza, kisha utanyamaza. Ukinyamaza, ndipo nitakapompa joto."

Bi Tunu alimtazama, akazitazama nyaya, akamtazama tena. "Subiri nielewe. Unamfundisha kobe afurahi mimi nikinyamaza?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii umekuwa unatamani ninyamaze, leo umepata na kobe wa kukuunga mkono!"

"Mama!"

"Haya, haya. Mwenye kutaka kumsikia mkwe wake lazima akubali kudharauliwa." Lakini macho yake yalikuwa yanang'aa. "Ataijua?"

"Ataijua kuliko yeyote. Ila ikikoma hatadhani amenyimwa. Atadhani ndio wakati mzuri umefika."

"Umewahi kufanya hivi?"

"Sijawahi. Wala sijasikia aliyewahi." Mwasiti hakutaka kumdanganya. "Inawezekana asijifunze kitu. Inawezekana nikamchanganya, atoke haelewi joto wala baridi. Na yai ni hili moja."

Bi Tunu alilitazama lile yai kwa muda. Kisha akaegemeza kifua kwenye bamba, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mtu aliye upande wa pili wa ukuta.

"Assalaam alaikum, wewe uliye ndani," alisema. "Mimi ndiye niliyewaua ndugu zako kwa kuwapenda vibaya. Nisamehe. Wewe nitakupenda kwa maelekezo ya fundi."

Akanyamaza. Mwasiti akabonyeza kitufe. Joto likapanda kwenye mchanga, na baada ya kitambo moyo ukachangamka kwenye kipaza, kama mwenye mzigo aliyefika mahali pa tambarare.

Siku zote zilizobaki walifanya hivyo, katikati ya kupika na kufua. Bi Tunu alimweleza yai habari za kuku wake, za mume wake aliyekuwa mbahili wa chumvi, za mvua kubwa iliyowahi kuchukua daraja. Aliimba nyimbo za unyago ambazo Mwasiti alimfukuzia Raya nje asizisikie. Sauti ilizidi kupungua, na vituo vya ukimya vikazidi kuwa virefu. Kila kituo, kitufe. Kila kitufe, joto.

Jumapili jioni Bi Tunu aliimba beti mbili akaishiwa, akaegemea ukuta. Chapati iliungua jikoni. Mwasiti aliruka kuiokoa, akasahau kubonyeza.

Alipokuwa anarudi, mwiko mkononi, alisimama mlangoni.

Moyo ulikuwa umechangamka. Hakuna aliyegusa kitufe. Mchanga haukuwa umepata joto lolote. Ndani ya ukimya mtupu, mtoto wa kobe alikuwa tayari anafurahi.

Mwasiti alikaa chini pale pale kizingitini. Bi Tunu alifungua jicho moja.

"Chapati?"

"Imeungua, mama."

"Na unalia kwa ajili ya chapati?"

5

Swedi alikuja asubuhi kumchukua mama yake, na asubuhi hiyo hiyo ganda lilipasuka ufa mwembamba kama unywele. Kijino kidogo cheupe, kile cha puani anachozaliwa nacho kobe kwa kazi hiyo moja tu, kilichungulia, kikapotea.

Bi Tunu, kanga begani, alikataa kutoka. "Mmenyie kidogo, mkwe wangu. Nimwone uso tu."

"Nikimmenya namuua. Bado anakula kiini kilichobaki tumboni. Ndicho chakula chake cha njiani."

"Nami naenda njiani." Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo cha mfuniko. Midomo yake ilifunguka, na Mwasiti alisubiri maneno. Hayakuja. Bi Tunu alikuwa amechagua kutosema kitu. Alipumua tu, akatabasamu, akaondoka na mwanawe bila kugeuka nyuma.

Mtoto alichukua muda wake. Alipumzika zaidi kuliko alivyofanya kazi, akapanua ufa, akalala na pua nje, akatoa mguu mmoja na kuushangaa. Raya aliapa hataki kula mpaka atoke, kisha akala. Alipotoka hatimaye, gamba lake lilikuwa bado limekunjamana kama nguo iliyotoka kwenye sanduku, la manjano yenye madoa meusi, na lote lilienea kiganjani mwa Mwasiti. Alikuwa na macho ya mzee aliyesafiri.

Lakini hakuchangamka. Raya alimwimbia, akamsimulia, akamtambulisha kwa mwanasesere wake, na majirani nao wakaja na vigelegele. Kobe akaingiza kichwa ndani na kukaa hivyo. Hakugusa mchicha. Mwasiti alimlowesha kwenye maji ya vuguvugu, akamrudisha kwenye joto, akaanza kuogopa. Pengine zile nyaya. Pengine alikuwa amemharibu kiumbe aliyeshinda kila kitu kingine, mpaka huruma ya Bi Tunu.

Bi Tunu alirudi alasiri moja, amekonda, bandeji nyeupe shingoni na kitundu kidogo cha kupumulia. Mama Sikujua alikuwepo, na Swedi aliyebeba begi, na majirani wawili watatu. Wote walikuwa wamepanga maneno. Bi Tunu alisimama mlangoni, akafungua kinywa kwa mazoea ya maisha yote ili atoe salamu, na hewa ikapita shingoni kwa sauti ya fuu. Basi.

Hapo kila mtu aliishiwa. Unamwambia nini mtu asiyeweza kujibu? Swedi alitazama miguu yake. Mama Sikujua alijifuta uso kwa pembe ya kanga. Hata Raya alifunga mdomo. Ukimya ukaingia nyumba nzima, ule ambao wote walikuwa wakiuogopa tangu daktari alipotaja Jumatatu, ukakaa katikati ya mkeka kama mgeni asiyekaribishwa.

Mkekani, kwenye sinia, gamba dogo lilitikisika.

Kichwa kikatoka. Ikafuata shingo, ndefu kuliko yeyote alivyodhani, kisha miguu minne kwa zamu. Kobe alisimama, akatazama huku na huku bila kutafuta mtu, akaanza kutembea. Alishuka kwenye sinia, akapita kwenye unyayo wa Bi Tunu uliokuwa umevimba kwa safari, akapanda juu yake kama kilima na kushuka upande wa pili. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyethubutu kusema.

Mabega ya Bi Tunu yalianza kutikisika.

"Mama," Raya alinong'ona, "bibi analia?"

Mwasiti alimwekea kidole mdomoni. Bi Tunu alikuwa anacheka, kichwa nyuma, bila sauti hata chembe. Na kobe, kwenye kile kicheko kisichosikika, alifika kwenye mchicha aliowekewa kando, akauuma, akakosa, akauuma tena.